Kinu Kimoja, Michi Miwili

Siku ile uani kwa Mwalimu Senzighe walikuwapo watu watano. Alikuwapo Mwalimu mwenyewe. Mkewe Naelijwa, mzazi wa siku arobaini. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, ambaye alikuwa bado anaitwa Mgeni. Bi Nambike, mama yake Naelijwa, aliyepanda mlima kuja kumlea binti yake. Na jirani yao Mama Eliewaha, aliyekuja na chupa ya maziwa mkono mmoja, mkono wa pili umefungwa kitambaa. Hakuwapo mwingine.

Mwalimu huyu alikuwa mtu wa hesabu. Alifundisha chuoni, chini mjini, na akirudi nyumbani mlimani alikuwa na swali moja alilolifuata mwaka wa sita sasa, swali la zile namba zisizogawanyika. Wengi kabla yake walilifuata wakaliacha njiani. Yeye hakuliacha. Hakuwa mtu mbaya. Hakunywa pombe, hakuinua mkono, na akitumwa chumvi alirudi na chumvi. Ila alikuwa amewaona wenzake ambao kazi iliwameza wakawa wageni nyumbani mwao, akaogopa asije akawa mmoja wao. Basi akafanya kama afanyavyo mtu wa hesabu: akachora ratiba, akaibandika ukutani karibu na mlango. Saa za chuo, saa za swali lake, saa moja ya mke. Na mtoto alipozaliwa, nusu saa ya mtoto asubuhi na nusu saa jioni. Aliigawa siku kama mama agawavyo nyama kwa watoto wenye wivu, na hakumdhulumu mtu hata dakika.

Naelijwa hakuwa na la kushtaki. Mume alikuja kwa saa yake. Alikaa kwenye kigoda, akampokea mtoto, akamshika vizuri, kichwa kimeegemea kiwiko kama alivyofundishwa. Lakini kidole chake kilikuwa kikiandika namba juu ya mgongo wa mtoto. Na nusu saa ikitimia aliinuka, hata kama mtoto ndiyo kwanza ameanza kumtazama. Huko mezani nako, mtoto akilia, kalamu ilisimama, akabaki ameinua sikio. Mezani alikuwa nusu, uani alikuwa nusu, na kokote alikokuwa, nusu nyingine ilikuwa ikimwita. Hata jina la mtoto. Kwao ni baba ampaye mtoto wa kwanza jina, naye alisema atalifikiria akipata nafasi. Kwenye ratiba nafasi hiyo haikuwamo.

Bi Nambike aliyaona haya yote akanyamaza, kwa kuwa mkwe hagombezwi nyumbani kwake. Alimwosha mtoto, alimkanda mzazi mgongo kwa maji ya moto, na kila asubuhi alimwekea Mwalimu kikombe cha uji pembeni mwa karatasi zake, mbali kidogo, uji usije ukamwagikia namba. Mwalimu aliunywa kila siku. Hakuwahi kujiuliza kwa nini haukai karibu.

Ikafika siku ya arobaini, siku ya Bi Nambike kurudi kwake. Asubuhi Mwalimu alipotoka chumbani alikuta mabegi mawili mlangoni. La kwanza lilikuwa la mama mkwe, la zamani, limefungwa kamba. La pili lilikuwa la bluu, la mkewe, na juu yake zimekunjwa kanga ndogo za mtoto. Mtu wa hesabu akahesabu: moja, mbili. Akahesabu tena.

"Nitakaa kwa mama kidogo, Baba Mgeni," Naelijwa alimwambia polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwuma. "Mpaka utakapopata nafasi."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Hizo sijazihesabu."

Mwalimu akaitazama ratiba ukutani, kisha akamtazama mkewe. Alitaka kusema kwamba hakuna alichomnyima. Akaona kwamba ni kweli, na kwamba ukweli huo haumsaidii.

Sasa, kule mlimani mlezi haondoki nyumba ya mzazi kabla hajaacha chungu cha makande, na mahindi ya makande hayo hayapelekwi mashineni. Hukobolewa kwa mkono, watu wawili kwenye kinu kimoja, kila mtu na mchi wake, huyu akipiga huyu ameinua. Siku zote hizo aliyetwanga na Bi Nambike alikuwa Mama Eliewaha. Lakini jana yake, akimkatia ng'ombe majani, panga lilimpitia kiganjani. Asingeweza kushika mchi. Alikuja hivyo hivyo na maziwa yake, asiache kuaga.

Basi Naelijwa akajifunga kanga, akaushika mchi wa pili. Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa mezani, kwa kuwa ilikuwa saa ya swali. Kupitia dirishani alimwona mkewe anauinua mchi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anajishika kiuno. Akaacha kalamu. Akatoka, akautwaa ule mchi mkononi mwa mkewe.

"Kaa, mama. Nitatwanga mimi."

Mama Eliewaha akajipiga paja kwa mkono mzima. "Makubwa haya! Mwalimu, mchi hauna kifutio, ukikosea umekosea."

"Nimeshawaona mnavyofanya. Ni mpangilio tu."

"Haya, mpangilio. Bi Nambike, vidole vyako uviage kabisa!"

Hata Bi Nambike akacheka. Wakaanza.

Mwalimu alipima mwendo wa mama mkwe wake mara tano, akapata kati ya pigo na pigo ni kiasi gani, akaugawa muda ule katikati, akaingiza mchi wake pale katikati hasa. Ikakubali mara tatu. Mara ya nne mahindi yalikuwa yamepanda pembeni mwa kinu, Bi Nambike akachelewa kidogo ili ayarudishe, na michi ikagongana kwa mlio wa ukuni. Wakaanza upya. Akahesabu vizuri zaidi. Safari hii mtoto alilia kidogo mkekani, bibi akageuza shingo amtazame, mkono ukapunguza mwendo, na mchi wa Mwalimu ukashuka pale hesabu iliposema, ukaukwaruza mchi wa mama mkwe hadi karibu na kidole gumba. Mama Eliewaha hakutania tena.

Mwalimu akatahayari. Alikuwa na namba sahihi, na alikuwa karibu amvunje kidole mtu aliyemlisha uji siku arobaini.

Bi Nambike akapangusa jasho kwa ncha ya kanga. Hakuwa amemwambia mkwe wake neno la kumfundisha tangu afike. Akasema, "Baba, usinihesabu, nisikilize."

Wakaanza tena. Kwanza hakujua asikilize nini. Kisha akazisikia punje zikihama chini ya mchi wa mama, akajua sasa anapandisha. Akasikia pumzi yake kabla ya pigo. Mama alipokuwa akishuka, Mwalimu aliuacha mchi wake juu, juu kabisa, bila kuuharakisha. Na ilipofika zamu yake alishuka kwa uzito wake wote, kwa kuwa alijua kinu kiko wazi. Pigo la mama likawa zito, lake likawa jepesi, safari nyingine ikawa kinyume. Mtoto alipolia walipunguza wote wawili. Aliponyamaza waliendelea. Hakuna aliyejua nani kapiga mara ngapi, na pumba zilianza kutoka.

Ndipo yule mtu wa hesabu akaliona jambo ambalo lilikuwa mbele yake siku zote. Alikuwa amedhani mchi ulio juu unangoja tu, muda wake unapotea. Kumbe usipokwenda juu hauna nguvu ya kushukia. Na alikuwa amedhani kinu hugawanywa nusu kwa nusu, mstari katikati, huku kazi, huku nyumba. Kumbe kila mchi hupewa kinu kizima, kisha hukiacha kizima.

Naelijwa alikuwa mkekani na mtoto. Alisikia michi ilivyogongana, na alisikia ilipoacha kugongana. Alimtazama mumewe, jasho limemlowanisha shati, macho yamo kinuni na kwa mama mkwe wake, kidole hakiandiki kitu. Akatazama chini. Mtoto alikuwa amelala kwa mlio ule.

Wakapepeta kwa ungo, Mama Eliewaha akichagua mawe kwa mkono wake mzima, wakainjika chungu. Gari la kushuka mlima likapiga honi kule barabarani. Bi Nambike akalishika begi lake la kamba, akasimama mbele ya lile la bluu, wala hakuliinua. Alimngoja binti yake.

"Nilibebe, mwanangu, ama niliache?"

Mwalimu alikuwa na maneno mengi kooni. Akayazuia yote huko juu, akasikiliza.

Naelijwa akapiga magoti kwenye begi. Akatoa kanga moja ndogo ya mtoto, akaikung'uta, akaianika kambani. Akatoa ya pili. "Nenda salama, mama," alisema. "Makande haya siwezi kuyaacha, ameyatwanga mtu ambaye hajawahi."

"Yatakuwa na vipande vya mchi," Mama Eliewaha akasema.

"Tutavila."

Mwalimu akalibeba begi la kamba hadi barabarani. Huko mama mkwe alimwuliza kitu kimoja tu, kama amekwisha kupata jina. Akasema amelipata wakitwanga.

Ile ratiba hakuichana. Aliibandua, akaigeuza, akaandikia hesabu upande wa pili, kwa kuwa karatasi ilikuwa nzuri. Alipokuwa mezani Naelijwa alimfungia mlango, asiitwe; na Mwalimu alipotoka aliiacha kalamu mezani, asiiendee mpaka zamu yake. Siku nyingine zamu ya mtoto ilikuwa ndefu, mtoto akiwa na homa. Siku nyingine swali lilimshika mchana kutwa, na nyumba ikangoja bila kununa.

Nawe unayetwanga leo, mchi wako ukiwa juu, je, uko juu kweli, au unashuka kwenye kidole cha mtu?

Mtoto aliitwa Nambike. Swali la namba lilikwisha mwaka wa tatu baada ya hapo, Jumanne asubuhi, na mtu wa kwanza kuambiwa jibu alikuwa Naelijwa, akichambua maharage.