Ukili wa Bi Mize

Mgonjwa hasukiwi shubiri yake. Ndivyo nilivyowaambia asubuhi mlipompokonya babu yenu ufagio, nanyi mkaniuliza mgonjwa na kusuka vimekutania wapi. Kaeni basi. Maneno haya yalizaliwa ukumbini mwa mama yangu, Bi Mize, mwaka nilioposwa.

Kwetu kijijini, mkeka wa harusi ulishonwa kwa kili nyingi, ile mikanda inayosukwa kwa majani ya miyaa, na kila jamaa wa kike alisuka ukili wake. Ukili wa katikati ulikuwa wa mama mzazi wa bibi harusi, na mkono mwingine haukuugusa. Mama alikuwa msukaji hodari. Ukimpa miyaa asubuhi, jioni anakupa ukili. Mwaka ule akashikwa na maradhi ya viungo. Vidole vikamvimba, homa ikawa haimwishi, miezi miwili akawa mtu wa kugeuzwa kitandani. Siku alipoweza kuketi, akaomba miyaa.

"Ukili ni shubiri tisa," alisema, "na harusi ina wiki tisa. Kila wiki shubiri moja. Sitaki zaidi."

Kila Ijumaa, kabla ya adhana, alitandaza kiganja juu ya ukili akapima, gumba hadi kidole cha mwisho. Shubiri ikitimia alitabasamu, na nyumba nzima tukala kwa raha. Wiki tatu zilikwenda vizuri. Ya nne homa ikarudi, na mpaka Alhamisi alikuwa amesuka upana wa vidole vinne tu.

Shangazi yangu Bi Tatu, wifi yake mama, hakuweza kuvumilia. Alikuwa na mdomo wa pilipili na moyo wa halua. Mama alipopitiwa na usingizi wa mchana, akauchukua ukili, akaijaza ile shubiri, akaurudisha chini ya mto.

Ijumaa mama akapima. Imetimia. Lakini hakutabasamu. Akapitisha kidole gumba polepole, kikasimama mahali.

"Wifi, hapa pamekazwa. Mimi vidole vyangu havikazi hivi tangu niugue."

"Ee, nimekusaidia! Unataka mwanao alale sakafuni?"

Mama akaanza kufumua, mwaa mmoja mmoja, mpaka vikabaki vidole vinne vyake mwenyewe.

"Ijumaa ndiyo siku ninayojua kama ninapona au ninakwenda," akasema. "Ukinijazia, wifi yangu, nitajuaje?"

Bi Tatu akalia pale pale, kilemba cha kanga kikamwanguka. "Basi nifanye nini? Nikae nikutazame tu?"

"Nichanie miyaa. Halafu niletee umbea, maana huo huna mpinzani."

Wakacheka, machozi bado yapo. Wiki iliyofuata mama alijiwekea vidole vinne tu, akavipata. Kisha nusu shubiri. Kisha shubiri nzima, tena na tena, na rangi ikamrudi usoni. Hata hivyo, siku ya kushona mkeka ukili wake ulikuwa shubiri saba na kidogo, na kili za wengine zote zilikuwa tisa.

Jirani mmoja akasema, "Si tuurefushe huo wa katikati? Nani atajua?"

Bi Tatu akainuka na mkasi mkononi. "Mgonjwa hasukiwi shubiri yake!" akasema. Akakata ukili wake mwenyewe ukalingana na wa mama, kisha akaupitisha mkasi kwa wenzake. Wote wakakata.

Mkeka ukawa mfupi. Bwana harusi akijinyoosha, miguu ilitokeza nje kuanzia vifundoni. Hakulalamika hata siku moja, nami nampenda kwa hilo mpaka leo.

Miguu hiyo, wajukuu zangu, ndiyo ile mliyoiona asubuhi ikijikokota uani. Tangu apooze upande mmoja, babu yenu hujiwekea kipande cha kufagia kila wiki. Wiki hii ni kutoka mlangoni hadi kisimani, na leo ni Jumatano. Mrudishieni ufagio wake. Mkitaka kumsaidia, mwondoleeni mawe njiani, kisha kaeni mpige naye soga. Mgonjwa hasukiwi shubiri yake.