Sange na Mafuta Yaliyokataa Kuelea

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Chungu?"
"Kinatokota!"
"Mwenye njaa?"
"Asogee!"

Haya, sogeeni. Hapo kale palikuwa na Sange, kale kanyama kadogo kenye pua ndefu, kasikojua kukaa. Pua huku, pua kule, tiki-tiki-tiki! Hata usingizini miguu inakimbia. Alikuwa na watoto wachanga, na kiangazi kile kilikuwa kibaya. Wadudu wamekwisha, watoto wamebaki ngozi na mifupa. Wangepata mafuta ya mchikichi wangevuka mpaka mvua. Wasipoyapata, basi.

Lakini matunda ya mchikichi hupondwa yakachemshwa kwa maji, na mto ulikuwa wa Kiboko. Kiboko alikuwa na sheria yake.

"Maji ni yangu. Kinachoelea juu ya maji yangu ni changu. Cha chini ni chako."

Sange akaponda, akachemsha, mafuta yakaelea. Pu! Pu! Pu! Kiboko akaja, akayaengua, akajipaka mgongoni. Sange akaponda tena, akachemsha tena, mafuta yakaelea tena. Pu! Pu! Pu! Kiboko akaengua tena. Mwenye matunda akabaki na maji ya kuoshea vyungu. Dhuluma gani hiyo! Mimi hasira zinanipanda hata leo.

Yakabaki matunda ya chungu kimoja. Sange akazunguka uani, tiki-tiki-tiki, akajikwaa kwenye jiwe lake la sumaku, jiwe jeusi aliloliokota mlimani, limeota ndevu za mchanga mweusi. Akasimama kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Akazikwangua zile ndevu. Akazisaga, saga-saga, zikawa vumbi laini kuliko unga. Akalikaanga na nta kidogo, kila chembe ikawa inashika mafuta kwa mkono huu na maji kwa mkono ule. Akachemsha matunda, mafuta yalipoelea akamwaga vumbi, akakoroga, koro-koro-koro! Mafuta yakazama ndani ya maji, chembe zikayashika, haziachii. Ukawa uji mzito mweusi, hauna juu, hauna chini. Jiwe akalitupa kule pembeni mwa ua, mbali na chungu, maana vumbi lile likimwona mama yake litamkimbilia na kuyaachia mafuta.

Pu! Pu! Pu!

"Cha juu kiko wapi?" akauliza Kiboko.

"Kitafute, bwana mkubwa. Mafuta yameugua."

Kiboko akachovya ulimi. "Ptuu! Basi nitangoja. Yataelea tu."

Akangoja. Sange roho juu! Mara anafagia, mara anachungulia chungu, mara anafagia palepale alipokwisha kufagia.

"We mama, mbona hutulii?" akasema Kiboko. "Na chungu chako kimeinama. Ngoja nikiegemeze na jiwe lile."

Akalinyanyua jiwe la sumaku. Akalisogeza. Akalisogeza tena. Juu ya uji likachomoza tone la mafuta, jekundu, dogo. Sange akaruka mbele.

"Bwana mkubwa! Jiwe hilo watoto wangu wanalikojolea!"

"Lo!" Kiboko akalirusha, puu! Akatimka kwenda kunawa, huku anapiga kelele: "Uchafu wako kaa nao! Ila maji yangu unirudishie, yote!"

"Maji tu, bwana mkubwa?"

"Maji yangu! Mimi sidhulumiwi!"

Sange akakimbilia jiwe, akaliweka chini ya chungu. Vumbi likashuka, shwaaa! Maji yakatulia, mafuta yakaelea juu, mekundu, yananukia. Watoto wakala, matumbo yakawa ndii! Sange akawatazama, akalia kwa furaha.

Kulipokucha akapeleka maji mtoni, watoto wakimfuata, maji safi kabisa, akayamwaga, chubwi! Kiboko akayanusa, akayaonja, akaridhika.

"Umeona? Mimi sidanganyiki. Lakini mbona midomo yenu inang'aa?"

"Jasho la woga, bwana mkubwa."

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema Kiboko, akazama na mgongo wake uliopauka.

Hadithi yangu imeungua chini, sina ya kuongeza. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni chungu changu. Na funzo lake ni hili: watoto, tulieni, waheshimuni wakubwa, na msijaribu kuwadanganya, maana wakubwa hawadanganyiki hata siku moja. Mnacheka nini? Futeni midomo kwanza.