Jina Moja kwenye Mkataba wa Aikande

Anayetaka hadithi ya sungura akaombe nyumba ya pili. Hii ni ya kilabu cha mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na watu watatu: Kiwia, mwenye masikio yasiyosahau, Ndemasi, fundi cherehani mwenye mkono wa kuandika, na Lema, ambaye ulimi wake ulijua pombe ya kila mpishi.

Mwenye shida alikuwa Aikande, mjane asiye na mtoto. Alipanga kilabu kwa Mzee Shirima miaka kumi na minne, akipika mbege yake mwenyewe.

Siku moja Shirima akaleta mapipa. "Kuanzia leo unauza pombe yangu tu."

Aikande akaonja, akatema. "Hii hata nguruwe atauliza kapika nani."

Kesho yake akakuta kufuli jipya mlangoni. Akakaa kwenye benchi la nje. Wateja wake wakapita, wakamsalimia vizuri, wakavuka barabara kwenda kunywa kwingine. Nyumbani alikwishazoea kupika ndizi za mtu mmoja. Kilabuni ndiko alikokuwa akisikia sauti za watu.

Ndemasi akamwambia, "Mama, wilayani kuna ofisi ya migogoro ya wapangaji."

"Nikaseme nini huko?"

"Sema kwangu, mimi niandike."

Barua ilirudishwa mara mbili. Mara zote Ndemasi alifunga cherehani, akaandika upya, akaipeleka kwa mguu. Wateja wake wa nguo wakahamia kwa fundi mwingine.

Afisa akaja kusikiliza pale pale kilabuni. Shirima akasema, "Huyu si mpangaji, ni muuzaji wangu. Mkataba uko wapi?"

Karatasi haikuwepo. Walipatana kwa kunywea kata moja ya kibuyu, mwenye nyumba kwanza, mpangaji baadaye, kama wazee wao.

Kiwia, mdogo wake Shirima, akasimama. "Kaka, ulikunywa, ukampa. Ukasema, pika upendavyo, mlango ni wako maadamu kodi inafika. Ulivaa koti la marehemu baba, lilikubana." Tangu siku hiyo Kiwia hana pa kula Krismasi.

"Hata hivyo," Shirima akasema, "pombe yote aliyouza ilikuwa yangu. Nani atabisha?"

Lema alikuwa ameacha pombe miaka tisa. Wakamletea kata mbili zilizofanana. Akaonja. "Hii ya Aikande, ndiyo niliyokuwa nikinywa hapa. Hii ya mzee, ulezi umevunda." Wakazibadilisha mara tatu, akapatia mara tatu. Afisa akaamuru kufuli lifunguliwe. Na Lema? Hajaacha tena kunywa.

Sasa mkataba ukaandikwa, wa karatasi. Mwishoni afisa akauliza, "Ukifariki, kilabu kishikwe na nani? Jina moja tu."

"Bila barua yangu asingekuja mtu hapa," akasema Ndemasi.

"Mimi nimepoteza ndugu, mama," akasema Kiwia.

Lema alikuwa anaangalia ndani ya kata.

Aikande akawatazama. "Miaka yote hii hakuna aliyekuja nyumbani kukaa na mimi jioni. Leo mmejaa benchi."

Alijua atakayeandikwa atakuja kila siku, hata kama ni kukagua paa la kilabu atakachorithi. Wawili watakaoachwa hawatavuka tena kizingiti kile.

Kalamu ya afisa inangoja. Msinitazame mimi, sikuombwa jina. Ungekuwa wewe Aikande, ungemtaja nani?