Mpaka Sonda Abebe Kibuyu

Sogeeni, wajukuu. Zamani zile, chumvi ilipofuatwa kwa miguu na moto ukaombwa kwa jirani, Kalunde alikuwa akitwanga mtama, twa, twa, mwanawe Sonda mgongoni. Mara ukelele njiani: "Wa chumvi wamerudi!"

Mchi ukabaki hewani. Mumewe, Masele, alikuwa kati yao. Aliondoka Sonda hajazaliwa.

Mama mkwe, Nyanzobe, hakuacha kupepeta. "Kalunde, mwiko unaujua. Masele atalala ng'ambo ya ua mpaka Sonda ampelekee kibuyu cha maji mwenyewe."

"Mama, nanyonyesha. Ziwa ni mlinzi, mimba haiji."

"Ni mlinzi mtoto akinyonya usiku na mchana, asionje kingine. Huyu wako hali uji?"

"Anakula."

"Halali mpaka jogoo awike?"

"Analala."

"Na damu ya mwezi?"

Kalunde akatazama ndani ya kinu. "Imerudi, mama."

"Basi mlinzi kalala, mwanangu. Mlango uko wazi."

Na ninyi wavulana msiondoke; Masele hakuwa mwanamke. Sikilizeni. Kabla ya Sonda alikuwapo dada yake, Milembe. Mimba ya Sonda ilipoingia, Milembe aliachishwa ziwa hata kutembea hajui. Akadhoofu, akadhoofu, wakamzika.

Jioni Kalunde akamfuata mumewe uani. "Nimekutamani mpaka nimechoka, baba Sonda. Lakini siziki tena."

Masele akasema, "Nimengoja chumvi ikauke. Nitashindwa kungoja mtoto akauke kamasi?"

Wakangoja. Ng'ambo ile Masele akichonga mipini, ng'ambo hii Kalunde akitwanga. Mvua zikaja, zikaenda. Yule akichonga, huyu akitwanga. Mipini ikazidi majembe. Unga ukazidi walaji.

Sonda alipoanza kutembea akapewa kibuyu. Akayanywa maji yote njiani.

"Mjukuu wangu anamjua mwenye kiu!" Nyanzobe akacheka. Kalunde hakucheka.

Akapewa tena, akawamwagia kuku.

Hata mavuno yakafika. Siku hiyo Sonda akavuka ua, hatua, hatua, ulimi nje. Masele kapiga magoti mlangoni, mikono mbele. Kibuyu kikafika, maji nusu. Wote wakamgeukia Nyanzobe.

"Kwani nilisema kijae?" akauliza. "Pakueni ugali."

Walipoketi akawahesabu, kama alivyofanya kila jioni tangu Milembe aondoke. Masele yupo. Kalunde yupo. Sonda yupo, tonge shavuni. Na usiku ule nyumba ya ng'ambo haikuwa na mtu.

Wajukuu, ziwa hulinda, lakini halilindi siku zote, na halikuamshi linapolala. Kungoja hakudanganyi, ila kunauma. Ninyi mna zahanati. Kaulizeni mapema njia za kupisha mimba na mimba, mke na mume pamoja.

Kisa nimekitua hapa, atakayekibeba asikimwage. Naweni mikono, ugali umeiva. Kaeni niwahesabu.

Haya, wote mpo. Kuleni.