Mashine ya Chumbani kwa Tabea

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za mababu, maana umeme ulikuwapo na simu zilikuwapo, waliishi marafiki wanne huko Lushoto: Tabea, Kupaza, Mahimbo na Yonazi. Walikusanya michezo yao yote ya kompyuta wakaiweka kwenye mashine moja kuukuu chumbani kwa Tabea. Kila mmoja alicheza akiwa kwao, kwa waya walioupitisha juu ya mapaa. Sheria yao ilikuwa moja: mashine haizimwi mpaka wote wakubali. Siku moja ilizimwa ghafla, wakanuniana mwezi mzima.

Yonazi alitengeneza mchezo wake mwenyewe, wa shamba la kahawa. Ukiufungua, sauti yake inaita: "Mama, amka, jogoo kashawika!" Kisha Yonazi akaugua homa ya mapafu, akafa. Sauti yake haikubaki kwingine. Kila Jumapili mama yake alitoka kanisani akaja kwa Tabea, akamsikia mwanawe akimwamsha, akafuta machozi, akaenda zake.

Basi alasiri moja ya masika, wingu jeusi likatanda mlimani. Bibi yake Tabea akafunika kioo cha ukutani kwa kanga, akazima redio. Radi ikapiga, mabati yakatetemeka. Tabea akaweka kidole kwenye swichi, tayari kuizima mashine na kuchomoa nyaya. Lakini sheria ni sheria. Akampigia Kupaza.

"Zima, dada! Zima sasa hivi!"

Akampigia Mahimbo.

"Ngoja, namalizia mchezo hapa! Nipe dakika mbili tu."

Radi ikapiga tena, karibu zaidi. Bibi akapiga kelele sebuleni, "Mjukuu wangu, toka kwenye hizo nyaya, utakufa!" Tabea akangoja dakika ya kwanza. Akangoja ya pili, anamwomba Mungu. Radi ya tatu ikapita kwenye ule waya wa juu ya mapaa. Cheche, moshi, harufu ya kuungua! Tabea akajikuta sakafuni, mzima. Mashine ilikuwa imeungua.

Mahimbo akaja mbio, na Kupaza nyuma yake. "Pole, Tabea. Ila nakala tunayo. Kupaza, diski yako iko wapi?"

Kupaza ndiye aliyekabidhiwa nakala za michezo yote. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameufuta mchezo wa Yonazi ili apate nafasi ya mchezo mpya wa mpira. Alijiambia atanakili tena Jumamosi. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi.

Hofu ya radi ikaisha, ikaingia kubwa kuliko hiyo. Kesho mama yake Yonazi anakuja.

"Mimi niliomba dakika mbili tu," akasema Mahimbo. "Kidole kwenye swichi kilikuwa cha Tabea."

"Mimi nilishika sheria yetu sote," akasema Tabea, analia. "Ningezima, mngeninunia. Kupaza ndiye aliyefuta."

"Mimi nilisema zima!" akasema Kupaza. "Tabea angezima, tusingehitaji nakala. Nani alisema ngoja?"

Wakabishana mpaka kukakucha. Ibada ikaisha. Wakasikia hatua barazani, kisha sauti ya upole, "Hodi, wanangu." Watatu wakatazamana. Hakuna aliyeinuka, na yule mama akabisha tena.

Haya, ninyi mlionisikiliza: mtu mmoja lazima amfungulie na kumwambia. Je, nani alistahili kuinuka?