Visanduku Vitupu vya Hafswa

Mkunga awe hodari namna gani, hana la kumfanyia mama aliyejifunga kanga saba akakataa kufungua hata moja. Atabembeleza, atagomba, mwisho atakaa kitako angoje. Ndiyo maana waliotutangulia walisema mficha uchi hazai: mwenye shida akiifunika kwa haya au kwa hofu, hata msaada uliokwisha piga hodi haumfikii. Asiyesadiki na asikilize yaliyomkuta Hafswa wa Chula, kisiwa cha Wabajuni pwani ya Somalia.

Hafswa alikimbia vita akiwa msichana, akasomea Mombasa, kisha akawafundisha hesabu watoto wa kambi ya wakimbizi. Kambi ilipofungwa, yeye na mamake, Bi Tima, walirudishwa kwao. Chula walikuta nyumba haina paa wala milango, wakahamia Kismayo. Huko Hafswa akapata kazi ya kuwapigia watu chapa barua zao katika duka la kompyuta la Mukhtar. Mukhtar alikuwa Msomali aliyekulia mtaa mmoja na Wabajuni, akisema lugha yao kama wenyewe. Kabla ya vita alikuwa fundi wa mitambo ya simu, na mashine zote za duka alizifunga kwa mkono wake.

Bi Tima alikuwa na kisukari, na macho yalikuwa yakimwishia. Dawa mjini mle ilikuwa ya kubahatisha, leo ipo, kesho haipo. Basi skuli moja ya Mombasa ikamwandikia Hafswa kwamba itampa kazi na chumba cha kukaa, lakini kwanza ayaweke masomo yake ya hesabu kwenye mtandao, wayaone kabla ya Ijumaa.

"Mama, tunakwenda kwa daktari," alimnong'oneza Bi Tima. Alinong'ona kwa sababu Kismayo ya siku zile, ikijulikana kuwa unahama, wenye bunduki huja kukuaga kabla ya majirani. Wanajua umeuza vyombo, na ulichopata umekifunga kiunoni.

Kwa hiyo hakumwambia mtu, Mukhtar wala mwingine. Masomo aliyaandika wateja walipopungua, akayaweka katika folda aliyoificha ndani ya mashine, isionekane na yeyote atakayeketi pale. Akajiona mjanja.

Sasa, wakati ule kurasa za mtandao hazikujua kuonyesha hesabu. Sehemu na vipeuo vyake aliviandika kwa programu ya kupanga chapa, kisha programu nyingine ilipaswa kuigeuza kila fomula kuwa kijipicha na kukipachika mahali pake. Hafswa akaiendesha. Maneno yakatoka safi. Fomula, wapi! Kila palipostahili fomula pakakaa kisanduku kitupu. Somo likasomeka: ikiwa kisanduku ni sawa na kisanduku, tafuta kisanduku. Mwanafunzi wa somo hilo labda awe mpiga ramli.

Mashine ilisema tu kwamba imeshindwa kuandika picha. Hafswa akabadilisha aina ya herufi. Akafuta kila kitu akaanza upya. Akabakiza fomula moja tu, moja jumlisha moja, nayo ikagoma vilevile. Jumatano akamwendea Mukhtar.

"Kaka Mukhtar, kuna rafiki yangu mmoja," alianza, macho chini. "Fomula zake hazigeuki picha."

Mukhtar akavuta kiti, akaandika fomula ndefu yenye kipeuo, akaiendesha. Ikatoka inang'aa. "Kwangu zinatoka, abaayo, dada yangu. Mwambie alete kazi yake niione."

"Anaona haya."

"Basi na akae na haya zake. Mimi nitatibu mgonjwa nisiyemwona?"

Alipotoka, Hafswa akafuata hatua zilezile, kwenye mashine ileile, ndani ya folda yake. Visanduku! Akadhani ni kijicho cha watu kimemwandama.

Jioni ile Bi Tima alimmiminia bintiye chai, ikamwagika mkekani kando ya kikombe. Hafswa akaangua kilio, na yote yakamtoka.

"Fundi umemwambia?" Bi Tima akauliza.

"Nusu, mama."

"Nusu! Jino linakuuma, unamwonyesha mganga sikio? Mchu ni wachu, mwanangu, mtu ni watu. Nenda kamwambie. Kusema huenda kukatuponza, lakini huku kunyamaza kumekwisha kutuponza."

Asubuhi ya Alhamisi Hafswa alisimama mbele ya Mukhtar. "Kaka Mukhtar, yule rafiki ni mimi." Akamweleza skuli, macho ya mamake, safari, na folda iliyofichwa. Mukhtar aliinuka, akaenda kuufunga mlango wa duka kwa komeo. Lo, Hafswa alijuta kuzaliwa!

"Fungua hiyo folda," Mukhtar alisema. Akaitazama, kisha akacheka hadi akafuta machozi. "Ewe mwalimu, umejificha hata kwa mashine yenyewe! Programu inayochora fomula imekatazwa kuandika mahali palipofichwa, asije mtu mbaya akapenyeza kitu kisionekane. Imefika mlangoni pako, ikaona pamefichwa, ikarudi. Inayopanga maneno haina sharti hilo, ndiyo maana maneno yalitoka."

Akaitoa folda mafichoni, akaiweka mahali pa wazi, akaiendesha kazi upya. Kisanduku cha kwanza kikajaa, cha pili kikafuata, na ukurasa mzima ukajaa sehemu na vipeuo. Hafswa akashika kichwa akisema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," kifua kikimshuka kama aliyetuliwa gunia.

"Mbona ulifunga mlango?" aliuliza baadaye, akicheka na kulia.

"Ulitaka habari zako zifike sokoni kabla yako? Binti yangu Hanan hajaona mwalimu wa hesabu tangu azaliwe. Niachie nakala ya masomo hayo, na safari yako sikuisikia."

Skuli ikaridhika. Mama na bintiye wakatoka kimyakimya, wakapita Ras Kamboni, wakavuka mpaka wa Kenya pale Kiunga, hadi Mombasa, bila ya mtu kuwagusa.

Daktari alimwuliza Bi Tima anaonaje. "Naona vizuri tu, ukungu kidogo," akajibu haraka.

"Mama!" Hafswa alimkazia sauti.

Bi Tima akakohoa. "Haya basi. La kushoto limekufa tangu mwezi wa Ramadhani. Sikutaka kumtia mwanangu wasiwasi."

Daktari akaacha kuandika, akamulika jicho la kulia kwa makini zaidi kuliko alivyokusudia. "Hili bado tutaliwahi," alisema, "lakini usingelitaja lile, ningekupa dawa ya ukungu ukaenda zako nyumbani."

Hafswa akamtazama mamake, mamake akatafuta pa kutazama, na wote wawili wakacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mficha uchi hazai.