Mghoi na Mfereji wa Mafuko

Paukwa, mlio karibu na mlio mlangoni!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, chini ya nchi kavu, paliishi ukoo wa mafuko. Fuko haoni vizuri. Hunusa, hupapasa, huenda. Juu yao jua lilichoma. Chini kulikuwa na ghala lao, na ghalani mlikuwa na mizizi minene, mbegu tamu, chumvi ya mawe, na maji kidogo waliyoyathamini kuliko vyote.

Msafishaji wa ghala alikuwa Mghoi. Kila siku alifanya kazi ile ile. Alivitia vyote katika chekeche la nyuzi, akavimwagia maji. Mizizi minene ilibaki juu. Vidogo vyote vilipita, vitamu kwa vichungu, pamoja na maji, pwaa, mpaka mferejini. Kisha Mghoi na ndugu zake wakajipanga kando ya mfereji. Wakarudisha mbegu tamu, zote. Wakarudisha chumvi ya kutosha. Wakarudisha maji, karibu yote. Kilichobaki kikatoka nje, chururu, chururu, kidogo tu.

Siku moja akaja mjomba wake Mwadime, mshauri wa Malkia wa ukoo. Akasimama mferejini.

"Mpwa wangu, unafanya nini?"

"Nasafisha ghala, mjomba."

"Unamwaga vyote, halafu unarudisha karibu vyote. Huko ni kujichosha bure. Kaa ghalani, uondoe kibaya peke yake."

"Na kibaya nisichokijua?"

"Utakinusa."

Mghoi hakuridhika, lakini Mwadime alikuwa mkubwa wake. Mfereji ukazibwa. Ndugu zake wakapelekwa kuchimba. Siku ya kwanza, salama. Siku ya pili, salama. Mwadime akawa anatembea kifua mbele.

Siku ya tano wachimbaji wakaleta mbegu ngeni. Mghoi akanusa. Zilinukia vizuri. Akanusa tena. Hakuona ubaya, akaziacha. Malkia akala. Kichwa kikamzunguka, miguu ikamlegea. Watoto aliokuwa akiwanyonyesha wakalia, kisha wakanyamaza, na kule kunyamaza kukamtisha Mghoi kuliko kilio.

Hakuomba ruhusa kwa mtu. Aliuzibua mfereji kwa meno yake, kwaru, kwaru, kwaru. Akawaita ndugu zake. Wakamwaga vyote. Wakarudisha walivyovijua: mbegu tamu, chumvi, maji. Mbegu ngeni hakuna aliyezigusa. Zikaenda zao.

Lakini Malkia alipopewa chakula, akazidi kulegea. Mghoi akarudi ghalani akapapasa ile mizizi minene. Ilinata. Utomvu wa zile mbegu ulikuwa umeigandia, na mizizi haipiti kwenye chekeche.

"Kisichopita chenyewe," akasema, "tutakipitisha sisi."

Wakaukwangua utomvu, mzizi mmoja baada ya mwingine, wakautupa mferejini kwa mikono yao. Vidole viliwawasha. Hawakuacha. Chururu, chururu, ukatoka.

Siku ya tatu baada ya hapo Malkia akaomba maji. Watoto wakanyonya, wakalia tena kwa nguvu, na Mghoi akaketi chini kwa mara ya kwanza tangu mfereji uzibuliwe.

Mwadime akamjia taratibu.

"Mpwa wangu, uliijuaje ile sumu?"

"Sikuijua, mjomba. Hata sasa siijui. Nakijua chakula chetu tu."

 Mwadime akauliza kama kuna nafasi mferejini. Akapewa mwisho kabisa, pale panaporudishwa matone ya mwisho ya maji. Akayarudisha, tone kwa tone.

Basi wakubwa kwa wadogo, sikieni. Hakuna awezaye kuzijua sumu zote za dunia. Lakini ukivijua vyema vinavyokufaa, utavirudisha, na vingine utaviacha viende. Hata sasa tulivyokaa hapa, figo zako mbili chini ya mbavu zinafanya hivyo. Zinamwaga vidogo vilivyo katika damu, zinarudisha sukari, chumvi na maji, na uchafu unaong'ang'ania ndani zinausukuma nje zenyewe.

Hadithi yangu imefika hapa, na hapa naitua.